Karani wa Simu na Tembe Zisizo na Watu

Ukitaka kumjua Karani wa Simu, ungeanza na mwendo wake. Alitembea kama mtu aliyebeba mayai kifuani: hatua fupi, macho chini, akitafuta jiwe kabla jiwe halijamtafuta yeye. Hata siku ambazo hakubeba kitu, mwendo ulikuwa ule ule. Vibarua wa stesheni walimcheka, wakasema ana mshipa. Mimi nilijua sababu. Alikuwa amezoea kubeba vioo vya picha.

Niseme mapema, nisije nikaonekana namsifu bure. Mtu huyu alimpotezea baba yangu mlima wa malisho. Mtu huyo huyo akamwokolea nyumba. Yote mawili yalitoka katika sanduku moja la mbao lenye jicho la kioo, na katika yote mawili mdomo wangu ulikuwamo. Kwa hiyo nikimsema yeye, najisema na mimi.

Kwao sikuuliza sana. Alikuwa mtu wa pwani, amesoma shule ya Wadachi, ndio Wajerumani, anasali sala tano, na kazi yake ilikuwa kupokea na kupeleka maneno ya waya pale stesheni ya Dodoma, siku zile majengo ya stesheni bado yananuka chokaa. Mimi nilikuwa namtekea maji na kumfulia nguo. Mume wangu alikuwa ameifuata reli kwenda Tabora, na reli haikuwa na haraka ya kumrudisha. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wawili, na nilimwona Karani kama kaka aliyepungukiwa na akili kidogo.

Sanduku lile hakulinunua. Aliachiwa na Mgiriki mmoja aliyesimamia wachonga mawe wa reli. Homa ilimshika yule Mgiriki, hana ndugu wala mke, na aliyekuwa akimwandikia barua na kumwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso alikuwa Karani. Siku alipobebwa kwenda kupakiwa kwenye gari moshi, alilisukuma sanduku kwa mguu, akamwambia, "Chukua wewe. Mimi nimekwisha kuona." Basi Karani akajifunza mwenyewe, kwa kuharibu. Loo, aliharibu! Kila kioo kilichoharibika alikiinua juani, akakitazama, akasema "Lahaula," kisha akacheka peke yake.

Jumapili Wadachi hawakufanya kazi, na waya ulilala. Siku hiyo Karani alivaa kanzu, akavaa viatu vya kazini chini yake, akajitwisha sanduku na ile miguu yake mitatu ya kulisimamishia, akatoka kwenda mashambani kutafuta nyumba kuukuu na majabali. Wenzake makarani walikwenda kucheza karata au kunywa pombe kwa siri. Yeye alirudi jioni na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, anafurahi. Nilimwuliza ameona nini huko. "Ukuta," alijibu. Mtu ametembea tangu alfajiri, eti ameona ukuta!

Halafu kulikuwa na suala la maji. Dodoma maji ni shida, kila mtu anajua. Kiangazi nilitoka kukiwa bado giza kwenda korongoni, nikachimba mchanga mpaka mkono ukazama begani, nikasubiri maji yajikusanye, nikachota kwa kibuyu kidogo kidogo mpaka mtungi ujae. Narudi, jua limeshakuwa kali. Karani alikunywa kikombe kimoja, akatawadha kwa kingine, na mtungi uliobaki wote akavimwagia vioo. Siku ya kwanza nilipoyaona hayo nilisimama mlangoni nikashika kiuno.

"Karani, una akili zako sawasawa?"

"Dada yangu, dawa isipotoka kwenye kioo, picha inageuka manjano."

"Na mimi nikifa korongoni nitageuka rangi gani?"

Aliutazama mtungi. Alikuwa na tabia hiyo nzuri, ukimwambia kweli hatafuti neno la kukurudishia. Kesho yake alfajiri nikamkuta nje ananisubiri, ndoo mkononi. Mtu wa ofisi, kanzu ameifunga kiunoni, anachimba mchanga katikati ya wanawake! Wenzangu walicheka mpaka mmoja akavunja mtungi. Wakampa jina la Kigogo ambalo sitalitaja hapa. Hakujali, akachimba. Tangu siku ile kila alipotaka kuosha vioo alikwenda mwenyewe, na mchana akasinzia juu ya mashine yake ya waya.

Watu hakuwapiga picha. Hili lishikeni. "Mwenye roho simpigi," alisema. "Siku ya kiyama nitaambiwa nimtie pumzi, nitaitoa wapi?" Nyumba haina roho, jabali halina roho, mti yeye aliuhesabu kuwa ruhusa. Ng'ombe ana roho, mbuzi ana roho, kuku ana roho hata kama ni ndogo. Wote hao ilibidi watolewe kabla hajafungua jicho la sanduku. Tena sanduku lenyewe lilikuwa zito la kuona, mtu akipita mbele yake anatokea kama moshi, na Karani alichukia picha yenye moshi. Moto wa jikoni pia alitaka uzimwe. "Nyumba haina haraka," alipenda kusema. "Sisi ndio tunaohangaika."

Na kwetu nako mambo yakawa hivyo hivyo. Wagogo wa siku zile hawakutaka jicho lile liwaangalie. Walisema likikupata unakonda kidogo kidogo mpaka unaisha. Kwa hiyo alipoomba watoke, walitoka mbio na kumshukuru. Kila upande uliridhika. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na hapo ndipo msiba wetu ulipojificha.

Tembe alizipenda kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake. Ninyi mmezoea nyumba za bati, labda hamjui raha ya tembe: chini, ndefu, paa bapa la udongo, imezunguka ua wa ng'ombe pande zote, mchana ndani baridi, usiku joto. Karani alikuwa anaweka kiganja ukutani na kukiacha hapo kama mama anayepima homa ya mtoto. Aliuliza nguzo hii ni ya mti gani, nani aliikata, udongo wa paani unaongezwa lini. Baba yangu alimpenda kwa maswali hayo. Tembe ya baba ilikuwa upande wa Ihumwa, chini ya mlima mdogo wa mawe, na babu yangu ndiye aliyesimamisha nguzo zake za kwanza.

"Mwulize mzee kwa nini mlango uko chini hivi," Karani aliniambia siku moja, huku akisugua paji la uso alipojigonga.

Nikamwuliza baba kwa Kigogo. Baba akajibu bila kucheka, "Ili mgeni mbaya atangulize kichwa."

Nilipomfasiria, Karani alicheka akakaa chini. Akaitoa kalamu, akaandika. Lakini baba alipomkaribisha alale, apate kuijua nyumba vizuri, alikataa katakata. Kisa? Ng'ombe. Mtu huyu aliyejua mbuga zote aliogopa ng'ombe kama anavyoogopwa simba. Ndama akimkaribia kunusa kanzu, alisimama kama nguzo, midomo inasoma dua. Akarudi kulala kwenye kijumba chake cha bati pale stesheni, kijumba kilichomchemsha kila mchana, na Jumapili nyingine akaja tena kuisifu tembe. Nilimwambia, "Unasifia chakula usichokula." Akasema ni kweli.

Siku moja aliniruhusu niingize kichwa chini ya kile kitambaa cheusi. Nilisita, kisha nikaingia. Hee! Nyumba ya baba yangu ilikuwa pale kwenye kioo, ndogo, juu chini, paa limeelekea ardhini na mbingu iko miguuni. Nilitoka mbio nikaitazama nyumba yenyewe kama bado imesimama. Karani alisema, "Usiogope. Sanduku linaigeuza, mimi naigeuza tena." Nikarudi chini ya kitambaa nikakaa sana. Sikuwa nimewahi kuitazama nyumba yetu. Nilikuwa nimekaa ndani yake tu. Niliona mstari wa paa ulivyonyooka, niliona mahali mama alipokandika kwa kiganja chake mwenyewe, machozi yakanilenga. Kwa hilo namshukuru hata leo.

Sasa mdomo wangu. Baba Kiswahili chake kilikuwa cha kuuzia mbuzi tu, na hawa watu wawili walipozungumza, maneno yalipita kwangu. Karani alikuwa mpole, akisema, "Mwambie mzee, kama hataona vibaya, watoke kidogo tu." Mimi huo upole niliuacha njiani. Nilipiga kelele: "Tokeni! Toeni kinu! Toeni mbuzi hao! Nani ameacha kibuyu mlangoni? Zimeni moto!" Nilijiona akida. Mama yangu alikuwa anapita na mchi begani, ananitazama kwa jicho kali, anasema, "Wewe mtoto, umekuja kutuhamisha?" Wote wakaenda kusimama nyuma, kando ya mahali jicho la sanduku lilipoelekea, wakizuia watoto na kucheka kwa kuziba midomo. Tukafanya hivyo kwa baba, tukafanya kwa majirani zake watano. Jumapili nyingi.

Picha aliyoipenda kuliko zote haikuwa ya nyumba. Ilikuwa ya ule mlima. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, majani yametoka kijani kati ya mawe, ukungu umekaa chini na majabali yametokeza juu yake. Ng'ombe wa miji yote sita, wetu na wa wale majirani watano, walikuwa wametawanyika pale, kwa kuwa ule ndio uliokuwa mlima wao wa kulishia tangu zamani. Karani akaomba wasogezwe. Wachungaji wakawapeleka wote nyuma yake. Akapiga picha ile akitetemeka, maana alisikia pumzi zao mgongoni. Alipoitoa kwenye karatasi aliitundika juu ya kitanda chake. Hata mimi nilikiri kuwa ni nzuri. Ulikuwa mlima wa siku ya kwanza ya dunia.

Bwana Shauri, yule Mdachi mkubwa wa wilaya, alizikuta picha zile siku moja alipoingia kupeleka maneno ya waya, zimebanwa kwenye kamba zinakauka. Alizitazama moja moja. Akasema kwa Kiswahili chake kizuri, "Wewe ni fundi. Nitengenezee kitabu." Karani siku hiyo alikuwa bwana harusi! Alikesha, akachagua picha kumi na mbili, akazibandika kwenye karatasi nene, chini ya kila moja akaandika kwa Kidachi jina la mahali. Nilimwambia awe mwangalifu, kizuri ukikionyesha kwa mkubwa kinakuwa chake. Akaniambia mimi nina wivu. Labda nilikuwa nao.

Miezi ikapita. Kisha akaja Mdachi mwingine, mwenye ndevu, aliyetaka shamba la kufugia ng'ombe wa kizungu. Na kulikuwa na sheria yao, ardhi isiyokaliwa na mtu ni ya Serikali, na Serikali inaweza kumpa inayemtaka. Yule mwenye ndevu aliutaka upande wa Ihumwa, pamoja na mlima na chini ya mlima. Wazee sita wakaitwa bomani. Baba aliniambia nifuatane naye ili nisikie Kiswahili vizuri.

Barazani palikuwa na meza, na juu ya meza kile kitabu cha picha; yule mwenye ndevu alikuwa amekaa kando ya Bwana Shauri. Akida alisimama akasema wazee hawa ni wajanja, wamehamia pale juzi tu baada ya kusikia habari za shamba. Bwana Shauri akakifungua kitabu, akakigeuza upande wetu.

"Picha hizi ni za mwaka jana," alisema. "Tazameni wenyewe. Nyumba za zamani, nzuri, tupu. Hakuna mtu. Hakuna mbuzi. Hakuna hata moshi."

Baba hakuwa amepata kuziona picha zile. Aliinama juu ya meza, akaitambua nyumba yake, uso ukamng'aa wote. "Mwanangu, ni nyumba yangu!" aliniambia. Alifurahi kama amekutana na ndugu. Ikabidi mimi, kwa mdomo ule ule, nimweleze picha ile inasema nini kwa Wadachi. Nilimwona alivyorudi nyuma, akaikunja shuka yake mabegani. Nilitaka ardhi inimeze.

Karani alikuwa amesimama pembeni. Aliitwa kuthibitisha kuwa picha ni zake. Bwana Shauri akamwuliza, "Ulipofika pale uliona nyumba hizi kama zilivyo hapa?"

Karani alikitazama kitabu. Alikuwa na kazi ya ofisi, na wadogo zake pwani walikuwa wanakula kwa kazi hiyo. Neno moja tu, "Ndiyo, Bwana," lingetosha. Nilimtazama bila kupepesa. Nilijiapiza moyoni, akisema ndiyo, sitamtekea maji tena hata akauke.

"Hapana, Bwana," alisema. "Watu walikuwepo. Niliwatoa."

"Uliwatoa? Kwa nini?"

"Mimi sipigi picha ya mwenye roho. Nilitoa watu, nikatoa mbuzi, nikazimisha moto. Kosa ni langu."

Bwana Shauri alicheka, lakini si kicheko cha kufurahi. "Kwa hiyo kitabu ulichonipa ni cha uongo? Nami nimewaonyesha wageni wangu?"

"Si cha uongo, Bwana. Hakijasomwa." Akaomba ruhusa, akasogea mezani, na hapo ndipo nilipomwona Karani wangu wa siku zote, yule wa kuweka kiganja ukutani. Akaanza kuwasomesha Wadachi ukuta. "Tazama paa hili. Tembe ikiachwa masika moja inaota majani na kubonyea. Hili limeongezwa udongo mpya, ukingo wake bado mweusi. Tazama kizingiti, kimesuguliwa na miguu mpaka kinang'aa. Juu ya mlango, masizi. Kinyesi uani kibichi, kinameta juani. Nyumba iliyokufa haina hivi." Akafungua ukurasa mwingine, akauinamia, nikaona kidole chake kimesimama. Hata yeye alikuwa hajapata kukiona kile alichokiona pale. "Na hapa chini, Bwana. Pembeni."

Tuliinama sote. Ilikuwa picha ya jioni, jua liko chini. Kwenye ukingo wa picha, juu ya mchanga, palikuwa na vivuli vya vichwa, vimepangana, na kimoja kina mchi begani. Mama yangu na wenzake, wamesimama nje ya picha, wanangojea kurudi nyumbani kwao.

Yule mwenye ndevu alikohoa. Akida akatazama nje. Bwana Shauri akavuta ukurasa wa mwisho, ule wa mlima.

"Na hapa?"

Karani aliitazama ile picha aliyolala chini yake kila usiku. Akatafuta. Nilimwona anatafuta kwenye kila jiwe na kila jani. Hakuna alama ya kwato, ukungu ulikuwa umefunika. Hakuna kivuli, jua lilikuwa halijatoka. Ilikuwa picha safi kabisa, na usafi ule aliutafuta mwenyewe.

"Ng'ombe walikuwa nyuma yangu," alisema.

"Nyuma yako sipaoni," alisema Bwana Shauri.

Hivyo ndivyo walivyokata. Nyumba na mashamba yanayozizunguka, wazee waachiwe. Mlima, mpaka chini kwenye korongo, wa Mdachi. Ukazungushiwa waya wa uzio.

Sanduku lilichukuliwa siku ile ile na askari, na miguu yake mitatu, na vioo vyote. Karani alibaki bomani siku mbili. Aliporudi alilala kifudifudi na hakusema kitu. Asubuhi nilichukua kanzu yake nikaenda kuifua. Ile damu ya mgongoni ilikuwa imekaukia mistari mistari, na wote tulijua viboko vya hamsa wa ishirini vinaachaje nguo. Niliifua kwa maji mengi, mtungi mzima, na sikuona uchungu wa maji. Wiki ile akahamishiwa stesheni ndogo ya mbali, huko magharibi. Hakuja kumuaga baba. Mimi nilifikiri ni woga. Mama yangu alisema afadhali hakuja, kwa sababu alikuwa amemwekea mchi.

Mama hakumsamehe, nami siwezi kumlaumu. Anayewahesabia ng'ombe uchovu wao ni yule anayewakamua. Mlima ulipofungwa, ng'ombe walitembea nusu siku kufuata majani, wakarudi wamechoka, maziwa yakapungua, ndama wakafa. Mama alisema, "Rafiki yako alituachia sufuria, akaondoka na mboga." Kila aliposema "rafiki yako" nilichukua mtungi nikatoka. Aliijua sehemu ya Karani tu, au ndivyo nilivyodhani. Sauti iliyopiga kelele uani "tokeni, tokeni" hakuna aliyeitaja. Hakuna aliyeniambia neno, si baba, si majirani. Niliibeba peke yangu, na ilikuwa nzito kuliko mtungi wowote.

Kiangazi cha pili baada ya hapo, Jumapili moja, aliteremka kutoka kwenye gari moshi. Nilikuwa napita na maji, nikautambua ule mwendo kabla ya uso. Alikuwa amekonda, ndevu zimeanza mvi.

"Shikamoo, dada yangu," alinitania, maana mkubwa alikuwa yeye. "Nimepewa siku moja. Nipeleke kwa mzee."

Tulitembea bila maneno mengi. Tulipofika kwenye waya alisimama, akautazama mlima. Nyasi zilikuwa zimesimama ndani, za manjano, hazijaliwa na mnyama yeyote. Yule mwenye ndevu alikuwa hajaleta ng'ombe hata mmoja. Karani alishika waya kwa mikono miwili, hakuuachia. Sikumgusa. Nilikuwa na yangu.

Nyumbani aliinama akaingia. "Mbukwa!" alimwamkia baba.

"Mbukwa," baba alijibu, akamwonyesha kigoda. Mama akaondoka bila kuamkia, akaenda jikoni. Ng'ombe wachache waliobaki walikuwa uani, mbavu zinahesabika. Mmoja akamnusa Karani begani. Hakusogea.

Alisema nami nikafasiri. Alisema amekuja kuomba radhi kwa ajili ya mlima. Alisema usiku anauona, na kila akiuona anatafuta ng'ombe mmoja tu, hata pembe yake.

Baba alikuwa anachokoa ardhi kwa fimbo. "Mwulize, walimpiga?"

"Walinipiga, mzee."

"Kwa sababu ya nyumba hii?"

"Kwa sababu nilisema watu watoke. Neno lilikuwa langu. Wewe na jamaa zako hamkuwa na kosa. Mimi ndiye niliyewatoa."

Nilifasiri mpaka hapo, na sikuweza kuendelea. Nilimtazama yule mtu wa pwani, mgongo umeliwa na kiboko, anajibebesha peke yake neno ambalo lilitoka kinywani mwangu, tena anajua, tena hanitazami asije akaniumbua mbele ya baba yangu. Nikapiga magoti.

"Baba," nilisema kwa Kigogo, "si yeye. Yeye aliomba. Aliyepiga kelele mtoke ni mimi."

Jikoni mchi ulinyamaza. Karani hakuelewa maneno, lakini alielewa magoti, akainamisha kichwa.

Baba alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu baraza lile nikaona anataka kucheka.

"Mwanangu," alisema, "Kigogo cha huyu bwana ni salamu moja. Ulidhani miaka yote hii nilifikiri ni nani aliyetuambia tutoke?"

Mama akatoka na ugali na mlenda. Akauweka katikati, akamimina maji ya kunawa, kwanza kwa Karani, kisha kwangu.